Mama Vibao na Mti wa Tangini

Watu wa bustani ya mimea walimwita Mama Vibao, hata wale waliomzidi umri. Jina lake la kwenye faili labda lilijulikana na mtu wa masijala tu. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya miti. Hakutumia rangi wala kalamu. Alikata kipande cha alumini cha ukubwa wa kiganja, akakibana kwenye jiriwa, akachukua herufi za chuma moja moja kutoka kwenye sanduku la mbao na kuzigonga kwa nyundo. Herufi moja, pigo moja. Ukigonga mara mbili herufi inakuwa na kivuli, na kibati hicho kinatupwa.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya mbolea, kina dirisha moja na harufu ambayo yeye alishaacha kuisikia. Kwenye lile sanduku, herufi ya “a” ilikuwa imelika kuliko zote, kwa sababu majina ya Kilatini yanaipenda sana. Maana za majina hayo hakuzijua. Aliyajua kwa tahajia, kama mtu anavyoijua njia kwa kuhesabu kona. Na aliyasoma kama yalivyoandikwa, silabi kwa silabi, hata wasomi waliopita pale wakamwambia kwamba matamshi yake yalikuwa karibu na Kilatini chenyewe kuliko ya kwao. Alipenda kuwasimulia watu jambo hilo. Alilisimulia labda mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na mti mmojawapo ambao macho yake yalijifunza kuukwepa. Ulikuwa kando ya tangi la maji, mrefu, gome lake la kijivu cheupe, majani yake mapana yanayong'aa yakiwa yamekaa mawili mawili, moja likitazamana na mwenzake. Njia ya kwenda chooni ilipita chini yake. Yeye alizunguka upande wa pili, hata kwenye mvua.

Jumatatu moja asubuhi, wakati anatoka kuchota maji ya kunolea, aliuona umechorwa X kubwa nyekundu. Rangi ilikuwa bado mbichi, imechuruzika mpaka chini kwenye mizizi.

Aliweka ndoo chini. “Huu nao vipi?” akamwuliza mfagizi aliyekuwa karibu.

“Hujasoma tangazo? Unakatwa Alhamisi. Iko saba. Mkuu amesema ni miti mikorofi, ndege wanakula mbegu zake wanakwenda kuzitapanya msituni, halafu inaota mpaka inaua miti mingine.”

Tangazo lilikuwa ubaoni, lina mhuri. Lilisema miti yote ya ukoo wa Ligustrum iondolewe katika bustani za umma, na chini yake kulikuwa na orodha ya miti saba kwa namba za viwanja. Mti wa tangini ulikuwa wa sita. Na kweli kibati chake kilisema *Ligustrum lucidum*. Kilisema hivyo kwa sababu Mama Vibao ndiye aliyekitundika pale.

Alirudi chumbani, akakaa kwenye kigoda, na siku nzima hakugonga herufi hata moja iliyonyooka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alipoajiriwa alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, kibarua wa miezi miwili, hana hakika kama wa tatu atauona. Usiku mmoja dhoruba ilipiga, na asubuhi vibao arobaini na kimoja vilikuwa chini, maana siku hizo vilining'inizwa kwa waya mwembamba kwenye misumari. Fundi aliyekuwa akimfundisha alikuwa nyumbani na mguu uliovunjika. Bwana mimea alikuwa safarini. Msimamizi akamkabidhi ndoo yenye vibao na ramani ya bustani, akasema, “Saa sita wageni wanafika. Nisikute mti uko uchi.”

Ramani ilikuwa imelowa. Hata hivyo alihangaika nayo, akasoma namba zilizosomeka, akalinganisha alama za misumari kwenye magome, na mpaka saa tano na nusu alikuwa amerudisha vibao thelathini na tisa mahali pake. Vikabaki viwili na miti miwili. Kibao kimoja kilisema *Ligustrum lucidum*, kingine *Linociera ramiflora*. Mti mmoja ulikuwa tangini, mwingine langoni. Penye namba zao ramani ilikuwa doa la wino tu. Akaitazama ile miti. Yote miwili majani mawili mawili, yote miwili yanang'aa. Alisikia magari ya wageni yakipiga honi. Basi akabahatisha: Ligustrum tangini, Linociera langoni.

Alijiambia atamwuliza bwana mimea akirudi. Bwana mimea alirudi na barua ya kustaafu, akakusanya vitabu vyake akaondoka, na nafasi yake ilikaa wazi miaka ishirini na zaidi. Fundi wake alipopona, yeye alikwisha kusifiwa mbele ya watu kwa kazi nzuri. Neno akaliahirisha. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kadiri siku zilivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa gumu kulitoa, kama mwiba ulioachwa mpaka nyama ikauzoea.

Jioni ile mume wake, ambaye ni kinyozi, alimwona anachambua mchele uleule mara ya tatu.

“Mama watoto, mchele huo umekukosea nini?”

Akamwambia yote. Katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwambia. Mumewe alisikiliza huku akipangusa mashine yake ya kunyolea kwa mswaki wa zamani, kisha akasema, “Sasa ni nani anayelijua jambo hili?”

“Mimi.”

“Mwingine?”

“Sasa hivi, wewe.”

“Basi tuko wawili, na mimi nimeshasahau. Umebakiza miaka michache ustaafu. Mti ni mti tu, mama. Ukienda kujisema, wewe ndiye utakayechorwa X.”

“Na kama nilikosea? Wataukata usio na kosa, na mkorofi mwenyewe abaki langoni anakaribisha wageni.”

“Na kama hukukosea?”

Miaka yote hiyo Mama Vibao alikuwa amelibeba kosa ambalo hata hakuwa na hakika kama alilifanya. Mumewe alimtazama, akaweka mswaki chini. “Haya,” akasema kwa sauti nyingine. “Nakujua mimi. Hutalala mpaka ulitapike. Nenda kaseme. Wakikufukuza utakuja kufagia nywele dukani kwangu.”

“Mshahara?”

“Kunyolewa bure.”

Jumanne, saa mbili kamili, alikuwa mlangoni kwa Mkuu wa bustani. Mkuu alikuwa na miezi minane tu tangu aletwe pale, mtu wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni. Katibu wake akasema, “Yuko kwenye mkutano nje ya mji mpaka Ijumaa. Simu amezima.”

“Na mti unakatwa Alhamisi!”

“Mti gani, mama?”

Mama Vibao alikwisha kugeuka. Alivuka ua mpaka kwa Daktari. Huyu alikuwa daktari wa mimea, msichana wa miaka kama thelathini aliyekuja pamoja na Mkuu mpya. Wafanyakazi walimtania kwa kumwonyesha vidole vyenye majeraha na kumlalamikia vikohozi, naye kila mara aliwajibu, “Una majani? Kama huna majani, nenda hospitali.” Alikuwa mbele ya kompyuta, kikombe cha chai kimepoa pembeni.

“Daktari, nimekuja kuungama,” alisema Mama Vibao, na kabla hajakaribishwa kiti alikwisha kuanza. Alieleza dhoruba, ndoo, ramani, honi za magari. Hakujitetea.

Alipomaliza, uso wa Daktari ulikuwa umebadilika rangi, na Mama Vibao akajua yamekwisha.

“Mama,” Daktari akasema, “ile orodha ya miti saba niliiandika mimi.”

“Najua.”

“Hujui. Miti elfu moja na mia moja, mtu mmoja, miezi minane. Mingi nimeichunguza mwenyewe. Hiyo saba niliamini vibao tu. Nikasaini.” Alisimama, akachukua kioo cha kukuzia na kamba yake, akajivika shingoni. “Beba nyundo yako. Twende.”

“Nyundo ya nini?”

“Utaona.”

Walianza langoni. Mti wa langoni ulikuwa umebeba vishada vya matunda meusi madogo kama punje za pilipili manga, na vishada vyote vilisimama kwenye ncha za matawi, nje kabisa, kama taji. Daktari alichuma tunda moja akalibonyeza kwa vidole. Likapasuka, likatoa maji ya zambarau. “Laini,” alisema. Kisha akatazama chini. Kwenye mfereji, kwenye nyufa za ukuta, chini ya banda la mlinzi, kila mahali miche midogo ilikuwa imeota. Mlinzi alitoka bandani.

“Daktari, mti huu unazaa kama sungura. Kila Jumamosi nang'oa, Jumatatu imerudi. Nimelalamika mpaka nimechoka.”

“Ulilalamika kwa nani?”

“Kwa yule mama wa vibao,” mlinzi alisema, halafu akamwona. “Ah. Shikamoo.”

Mama Vibao aliitikia huku anatazama pembeni. Ni kweli alikuwa ameambiwa, na kila mara alijibu kwamba yeye ni wa vibao, si wa miche.

Tangini, msimu wa maua ulikuwa umepita, na mti haukuwa na hata ua moja. Lakini Daktari aliinamisha tawi la chini, akalitazama kwa kioo, akalisogeza kidogo kidogo kuanzia kwenye ncha kurudi nyuma. “Njoo uone. Kwenye ncha hakuna kitu. Lakini hapa nyuma, kwenye sehemu tupu ya tawi, ambako majani yamekwisha kudondoka, kuna nini?”

Kulikuwa na vijiti vikavu vyembamba, vimetawanyika kama ufagio uliochakaa.

“Ni vikonyo vya maua ya mwaka huu. Mti huu hautoi maua kileleni. Unayatoa matawini.” Kisha akapiga magoti chini ya mti, akapekua majani makavu na kuokota kokwa moja, kubwa kama ncha ya kidole gumba. “Haya, fundi. Gonga.”

Mama Vibao aliiweka kokwa juu ya msingi wa tangi. Pigo moja, kokwa ikaruka. Akaifuata, akairudisha, akagonga tena kwa nguvu zaidi. Ikapasuka katikati, na ndani kulikuwa na mbegu moja tu.

“Kokwa ngumu kama ya zeituni,” Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. “Miti yote miwili ni ya jamii moja, jamii ya mzeituni, na yote asili yake ni Asia. Ndiyo maana inafanana kwa majani. Lakini huyu siye Ligustrum hata kidogo. Mama, ulikosea.”

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuambiwa amekosea akafurahi kiasi kile. Mama Vibao aliegemea tangi akafumba macho. “Nilikosea,” alisema. “Ee Mungu wangu, kumbe kweli nilikosea.”

Furaha hiyo ilidumu mpaka waliporudi ofisini. Daktari aliandika *Linociera ramiflora* kwenye kompyuta, na kompyuta ikaleta mstari mwekundu: jina halitumiki.

“Maana yake nini?” Mama Vibao aliuliza. “Mti hauna jina?”

“Unalo. Tulia, kaa.” Daktari alimsogezea ile chai iliyopoa, naye akainywa bila kuona ladha yake. “Aliyeuandika mti huu mara ya kwanza vitabuni aliuweka katika ukoo unaoitwa Chionanthus. Baadaye wengine wakasema hapana, huyu na wenziwe wa nchi za joto hawafanani na ndugu zao wa nchi za baridi, wakauhamishia ukoo wa Linociera. Ndipo kibao chetu kilipogongwa. Miaka mingi ikapita, watu wakachunguza maua upya, wakaona tofauti zenyewe ni ndogo, hazitoshi kugawa nyumba mbili. Na sheria yetu ni kwamba jina lililotangulia ndilo lenye nguvu. Wakaurudisha.”

“Kama binti aliyeolewa, akaachika, akarudi kwa baba yake.”

“Na kwa baba yake hawakuwa wamempa mtu chumba chake. Sasa anaitwa *Chionanthus ramiflorus*. Ile ‘chi’ ya mwanzo unaitamka ‘ki’.”

Mama Vibao alitazama kioo cha kompyuta, midomo ikisogea. “Mbona na la pili limebadilika? Lilikuwa ramiflora, lina ‘a’. Sasa lina ‘us’.”

“Kwa sababu jina la pili linafuata la kwanza. Linociera ni ya kike, Chionanthus ni ya kiume. La kwanza likibadilika, la pili nalo linabadilisha mwisho wake.”

“Ngeli!” alisema Mama Vibao. “Kiti kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri. Miaka yote hii nagonga ‘us’ na ‘a’ na ‘um’, nikadhani Wazungu wanajipambia tu. Na maana yake?”

“Chionanthus ni ua la theluji, kwa weupe wa maua ya ndugu zake. Ramiflorus ni mwenye kutoa maua matawini.”

Kisha Mama Vibao akajipiga paji la uso kwa kiganja, pa! “Kwa hiyo kibao chenyewe kilikuwa kinaniambia nikitundike wapi. Nimekishika mkononi, kinasema ‘matawini, matawini’, na mimi naangalia majani!”

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatano asubuhi Daktari alikuwa akiandika barua ya kumsubiri Mkuu, Mama Vibao amesimama nyuma yake akisoma, mara wakasikia msumeno wa injini unanguruma upande wa tangi. Walitazamana, wakatoka mbio. Mama Vibao, ambaye kwa mwili wake hakuwa mtu wa mbio, alifika wa kwanza, kanga begani na kiatu kimoja kimebaki kwenye ngazi.

Fundi msumeno alikuwa chini ya mti, kofia ngumu kichwani, anaipasha mashine moto. “Leo nimepata nafasi, nikasema niwahi,” alieleza. “Huo wa nyuma ya stoo nimeshaulaza.”

“Huu usiuguse!”

“Dada, mimi nina karatasi. Mti una X, karatasi ina mhuri.”

“Karatasi imekosea kwa sababu kibao kimekosea, na kibao nilikitundika mimi. Ukitaka kukata, nikate mimi kwanza.”

“Wewe siwezi,” fundi alisema. “Huna X.”

Daktari akafika akihema. Alichukua ile karatasi, akaiweka kwenye mgongo wa Mama Vibao kama meza, akafuta mti wa sita, akaandika “wa langoni”, akatia saini na saa. Fundi msumeno alisoma, akazima mashine, na kukawa kimya kizuri sana.

“Afadhali,” alisema, akivua kofia. “Mti huu ulikuwa unaninyima usingizi. Upande huu tangi, upande huu bomba kubwa. Ukianguka vibaya bustani nzima inaogelea. Wa langoni nitauangusha kabla ya chai.”

Na kweli aliuangusha, na mlinzi alisaidia kuvuta matawi akiimba.

Ilibaki Ijumaa. Mkuu alirudi saa nne, akasoma barua ya Daktari, akamwita Mama Vibao peke yake. Aliusoma uso wake kama alivyosoma karatasi, polepole.

“Vilikuwa vibao vingapi siku ile?”

“Arobaini na kimoja, Mkuu.”

“Vingapi ulibahatisha?”

“Viwili. Thelathini na tisa nilikuwa na hakika.”

“Utavipitia vyote, wewe na Daktari, kimoja baada ya kingine.” Kazi hiyo ilikuja kuchukua wiki mbili, na wakakuta kimoja tu kingine kilichokosewa, cha mchikichi fulani, ambacho Mama Vibao angeapa kwa roho ya mama yake kwamba ni sahihi. “Na utaandika maelezo. Ukurasa mmoja, yakae kwenye faili lako.”

“Ndiyo, Mkuu. Halafu?”

“Halafu nini?”

“Na mimi? Kazi?”

Mkuu alichomoa kalamu moja, akaitazama, akairudisha. “Mama, mtu aliyekuwa kwenye kiti hiki siku zile pengine angekufukuza. Mimi nimekuta mti ambao bustani hii ilikuwa nao mmoja tu, na nilikuwa nimetia saini ukatwe. Aliyenizuia ni wewe. Unataka nikufukuze ili herufi zile nizigonge mimi?” Akaanza kufungua faili lingine. “Nenda nyumbani. Unaonekana hujalala tangu Jumatatu.”

Alitoka getini mchana mweupe. Alipita njia yake ya kila siku akaona vitu ambavyo wiki nzima hakuviona: bango jipya la fundi viatu, paka juu ya paa la gari. Miguu haikumpeleka nyumbani. Ilimpeleka dukani kwa mumewe.

Mumewe alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Aliinua macho kwenye kioo, mashine ikabaki hewani. “Ehe?”

“Nimebaki,” alisema Mama Vibao. “Kazini. Nimebaki, na mti umebaki.”

“Nilikwambia.”

“Uliniambia ninyamaze!”

“Hiyo ilikuwa mwanzo. Mwisho nilikuambia vizuri.” Alikuwa anajitahidi asicheke mbele ya mteja, akashindwa. “Keti, mama, keti. Namalizia kichwa hiki unieleze toka mwanzo.”

Kiti cha pili kilikuwa wazi. Aliketi, akaegemeza kichwa nyuma, akaanza kueleza habari za kokwa iliyoruka. Alifika pale nyundo iliporudi mara ya pili, sauti ikapungua, maneno yakaachana. Mteja alitaka kujua kilichokuwemo ndani ya kokwa. Kinyozi akaweka kidole chake mdomoni, akamfunika mkewe kifuani kwa kitambaa safi cha kunyolea, na akamalizia ile nusu ya kichwa kwa mkasi ili mashine isimwamshe.